Kona ya Nyuma Kushoto

Jumapili, tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimemaliza kufua sare zangu, nimeketi, na nimejiapiza kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, bila kuruka hata jambo moja. Mwalimu wetu wa lugha anasema mwandishi mwaminifu huanza mwanzo, hufika mwisho, na hamwachi msomaji wake njiani.

Mwanzo ni Kobe. Pikapu yetu bado inatembea, Shangazi. Anakohoa asubuhi, kisha anakubali. Baba bado anamgonga bodi mara mbili kwa kiganja kabla ya kupanda, na bado anakataa kwamba huwa anafanya hivyo. Aliyechoka si Kobe bali gamba lake. Turubai ulilomshonea lina miaka kumi sasa. Katikati, pale linapolala juu ya zile fito tatu za chuma, limekuwa jepesi kiasi kwamba ukiliinua juani unahesabu vidole vyako upande wa pili. Baba amelitia viraka saba. Cha nane kimekosa pa kushikia.

Na sasa Baba amepata kazi kubwa kuliko zote tangu afungue karakana: makabati kumi na mawili ya maktaba ya shule. Lazima yafike kabla ya mwisho wa Mei, na wakati huo mvua zitakuwa zimeshaanza. Unajua mwenyewe kabati likilowa linakuwaje. Milango inavimba, rangi inafanya malengelenge, na mwenye kabati anafanya uso ambao sitaki kuuona tena.

Juzi, tukiwa mezani, Baba alisema mimi ndiye nitakayechagua kifuniko kipya, kwa kuwa nimefanya vizuri kwenye fizikia. Akasema niulize wanaojua. Nikamuuliza ni nani hao. Akanyanyua kikombe cha chai, akanywa mpaka kikaisha, halafu akasema anakwenda kuangalia gundi. Gundi ilikuwa salama, Shangazi. Nilikuwa nimeifunga mimi.

Vilivyopo ni vitatu. Cha kwanza ni kifuniko kigumu cha alumini, kinachokunjwa mara tatu na kufungwa kwa ufunguo. Muuza vipuri ametuonyesha, akakikanyaga kwa mguu kututhibitishia. Alisema hicho nitakirithi mimi, na wajukuu zangu watanirithi mimi. Baba akamuuliza kama yeye mwenyewe atakuwepo siku hiyo tumrudishie kikiharibika. Cha pili ni turubai la plastiki la buluu, lile linalouzwa kila mahali. Cha tatu ni turubai la kushona, la kitambaa kizito cha pamba kilichotiwa nta, kama lile lako. Lakini hapa mjini hakuna tena anayelishona.

Ungekuwa wewe, ungechagua kipi? Na je, ile cherehani yako kubwa bado unayo?

Mimi mwanao,
Tepu


Tarehe 14 Machi

Tepu wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta kibarazani navua viatu, nikaisoma na kiatu kimoja mguuni. Mwandiko umenyooka. Zamani herufi zako zilikuwa zinapanda mlima, unaanza chini ya mstari unamalizia juu. Anwani yangu umeipata wapi? Sikumbuki kuiacha.

Umejiita Tepu. Sikujua kama bado wanakuita hivyo. Nilikupa jina hilo kwa sababu uliing'ang'ania tepu yangu ya kupimia ukawa unalala nayo. Siku niliyokuwa nashona lile turubai, sebule nzima ilikuwa imejaa kitambaa, hakuna pa kuweka mguu. Nikakutafuta. Kumbe umeingia chini yake, umejilaza, unaniambia kwa sauti kutoka humo kwamba nyumba yako mpya ina joto na mlango haina. Nikakuambia mlango utakuwa kona ya nyuma kushoto. Ukatokea hapohapo.

Cherehani ipo. Iko pembeni ya kitanda, nimeifunika shuka na juu yake nimeweka redio. Maturubai sishoni tena. Hapa kiwandani nashona kola za mashati ya shule. Kola tu. Mwenzangu wa kushoto anashona mikono, wa kulia anatia vifungo, na shati zima hatulioni mpaka tukutane nalo barabarani limevaliwa na mtoto wa mtu. Ni kazi nzuri. Haivuji.

Lakini umeniuliza swali la kweli, sitakujibu nusu. Kifuniko usikichague kwa macho. Fanya hivi. Tandaza karatasi kavu chini, weka kifuniko juu yake, mwaga maji, hesabu mpaka mia mbili, kisha fungua uiguse karatasi kwa mgongo wa mkono, maana kiganja hudanganya. Halafu tafuta kifuniko cha aina hiyohiyo ambacho kimeshakaa juani mwaka mzima, ukikunje, usikie kinasema nini. Halafu pima mzigo wenyewe, usipime gari peke yake. Watu wengi hununua kifuniko kinacholitosha gari, halafu mzigo unawashangaa.

Na ukumbuke turubai halifi katikati. Katikati linachakaa, na kuchakaa si kosa. Linafia kwenye kona, kwenye mshono, pale ambapo fundi alikuwa na haraka.

Sasa na mimi nina ombi. Mnapoliteremsha hilo la zamani, kaa na kona ya nyuma kushoto. Utazame mshono wangu uniambie ulifunguka wapi. Baba yako aliniambia, mbele ya wateja, kwamba turubai langu halifai hata kufunikia kuni. Mimi nilikasirika, nikaapa sitaligusa tena, na sikuligusa. Niliondoka bila kutazama. Lakini ile kona nilikuwa nimeirudia wiki hiyohiyo, jioni, kwa uzi uliobaki, huku nikiwahi safari. Miaka mitatu sasa, kila nikifunga uzi najiuliza. Wewe una macho mazuri. Niambie.

Shangazi yako


Jumatatu, tarehe 25 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefanya yote uliyoniagiza, na nimeyaandika kwenye daftari kwa safu, lakini hapa nitakusimulia tu.

Plastiki ya buluu haikupitisha hata tone. Nikafurahi. Kisha nikaenda kwa muuza mbao wa jirani, ambaye alifunika mbao zake kwa plastiki kama hiyo mwaka jana, nikamwomba niikunje kidogo pembeni. Ilisema kra, ikavunjika kama jani kavu. Mwenyewe alishtuka kuliko mimi. Alikuwa anaiamini.

Kifuniko cha alumini kimeshinda maji na kimeshinda jua. Kimeshindwa na mzigo, kama ulivyosema. Kuta za bodi la Kobe zina sentimita arobaini na nane. Kabati la maktaba, hata likilazwa chali, lina sitini na mbili. Maana yake ni kwamba kifuniko hakitafungika, tutakikunja mbele, na kabati litabaki wazi, na ufunguo tutakuwa nao mfukoni. Nilimweleza muuza vipuri. Akasema kabati tulilaze kiubavu. Baba akamwambia kabati si mgonjwa. Lakini tulipokuwa tunarudi Baba alisema labda anaweza kupunguza kina cha makabati, na kwamba bati halina mshono, kwa hiyo halina pa kulaumiana. Alisema hivyo akitazama barabara.

Nimeliteremsha turubai lako na kulitandaza uani. Shangazi, bado lina harufu yake ya nta na vumbi la mbao. Nilipoingia chini yake mwanga ulikuwa uleule, rangi ya chai ya maziwa. Nilikumbuka safari za Jumamosi, wewe na mimi nyuma tumekaa kati ya viti vipya, tumezishika kamba, Baba mbele anaimba akidhani hatumsikii, na wewe ukimkosoa kila mstari. Tulikuwa tunafungua ile kona kidogo na kutazama barabara ikikimbilia nyuma, kana kwamba mtu anaivuta kutoka chini yetu. Ulisema wanaokaa mbele huona wanakokwenda, lakini wa nyuma huona walikotoka, na wa nyuma ndio wenye hadithi. Siku hizi hakuna anayekaa nyuma. Mimi nakaa mbele na Baba, na Baba haimbi.

Kuhusu kona. Nimeitazama. Mshono umelegea kidogo, Shangazi, lakini ni kidogo sana, si kitu cha kumlaumu mtu.

Bado naamini la kushona ndilo bora. Ungekubali kutushonea?

Mimi mwanao,
Tepu


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Asante kwa kuniambia ukweli. Najua haikuwa rahisi kwako, maana umeuzungushia pamba pande zote usiniumize. Umelelewa vizuri.

Basi ilikuwa mimi. Afadhali kujua. Baba yako aliongea vibaya, lakini hakusema uongo, na mimi nilimnunia miaka mitatu kwa jambo ambalo lilikuwa la kweli. Usimwambie kitu. Nitatafuta namna yangu ya kumwandikia, nikishaipata.

Nunueni cha alumini. Apunguze kina cha makabati, anaweza, yule mikono yake haina neno. Mimi siwezi kushika mzigo wa watu tena kwa mkono ninaoutilia shaka. Turubai moja linabeba jasho la mwezi mzima la mtu mwingine. Kola ikilegea, mtoto anageuza shingo tu.

Ile cherehani nimemwahidi fundi viatu wa mtaani kwetu. Ni mtu mtaratibu, ana ngozi nene za kushona na mashine yake imekufa. Atakuja kuichukua Jumamosi ya tarehe 27. Nimeshamwonyesha inavyotiwa mafuta. Kitandani nitapata nafasi ya kupitisha mguu.

Usihuzunike. Na usiache fizikia.

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Katika ile barua yangu ya kwanza nilijiapiza nitakueleza kila kitu. Sikufanya hivyo. Hii ndiyo barua niliyopaswa kuiandika tangu mwanzo, na nakuomba uisome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Mshono wako haukufunguka. Haujawahi kufunguka.

Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa nyuma peke yangu na kabati la mwalimu mkuu, kwa sababu wewe ulikuwa umesafiri. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Matone yalianza, na Baba akaniita nihamie mbele. Nilifungua kona ya nyuma kushoto, mlango wangu, nikateremka, nikakimbia. Nilipoketi Baba aliniuliza, "Umefunga kona?" Nikamjibu, "Nimefunga." Sikuwa nimefunga. Nilidhani ni mvua ya kupita, na nilikuwa sitaki kulowa tena.

Haikupita. Tulipofika nilishuka wa kwanza, nikazunguka nyuma kabla yake, nikaikuta kona inapepea na kamba inaburuta. Nikaifunga haraka. Kwa hiyo Baba alipokuja aliona kona imefungwa vizuri na kabati limelowa upande huohuo. Angefikiri nini kingine? Wewe uliporudi kesho yake alikuwa bado amekasirika, ukaja karakanani wateja wakiwepo, akasema yale maneno. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la mbao. Nilisikia yote. Nilisema moyoni kwamba nitasema jioni. Jioni mlikuwa hamzungumzi. Nikasema nitasema mkipatana. Kumbe hamkuweza kupatana bila mimi kusema. Wiki iliyofuata ulikuwa umeondoka.

Tangu siku hiyo Baba amefunga kipande cha nailoni juu ya ile kona, kwa tahadhari. Kila asubuhi nikienda shule ninakipita. Na ulipoomba nitazame mshono, niliutazama kwa uangalifu sana, nikapitisha kucha uzi kwa uzi. Umenyooka kama siku ulipoufunga. Kisha nikakuandikia kwamba umelegea. Niliogopa kwamba nikisema ni mzima, utauliza sasa maji yaliingilia wapi. Hiyo ni mara ya pili nasema uongo juu ya kona ileile, na ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu sikuwa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliposoma habari za fundi viatu sikuweza kula.

Jana asubuhi nilimwambia Baba. Alikuwa anapiga randa mlango wa kabati la nne. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kwa mpangilio, na yeye aliendelea kupiga randa mpaka nilipofika pale aliponiuliza kama nimefunga. Hapo akaacha. Alipuliza vumbi kwenye ubao, ingawa halikuwepo. Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anigombeze. Badala yake aliuliza kama nina hakika na mshono. Nikasema nina hakika. Akasema, "Lete ndoo."

Tulimfunika Kobe kwa turubai lako. Baba alikata ile nailoni kwa kisu, akaifunga kona kwa kamba yake yenyewe, mafundo mawili. Kisha akaniambia nimpe karatasi, moja ya zile anazochorea vipimo, akaingia nyuma kwa upande wa pili, akajilaza chali chini ya ile kona na karatasi kifuani. Mtu mzima, Shangazi, na magoti yake yale. Miguu ilibaki nje. Muuza mbao alikuwa anapita, akasimama, akauliza kama kuna mtu ameumia. Baba akamjibu kutoka ndani kwamba hakuna, anapima. Muuza mbao akasema basi apimwe vizuri, akaketi juu ya gogo kungoja majibu.

Nilimwaga ndoo ya kwanza juu ya kona. Nikahesabu mia mbili kwa sauti. Nikamwaga ya pili. Ya tatu niliimwaga nikiwa nimepanda kwenye kiti, kwa nguvu, kutoka juu, kama mvua ile. Nilipomaliza kuhesabu niliita. Nikainama kuchungulia. Alikuwa amelala humo katika ule mwanga wa chai, ameiinua karatasi karibu na uso, anaigusa kwa mgongo wa mkono. Sikumbuki kama nilishamweleza kwamba ndivyo inavyoguswa. Labda ulimfundisha wewe, zamani.

Alikaa humo muda mrefu. Kisha nikasikia anaimba, taratibu, ule wimbo wake wa Jumamosi, akaukosea mstari uleule.

Alipotoka aliniambia jambo moja tu. Alisema, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, na sikutazama mshono." Halafu akarudi kwenye randa yake. Jioni alinipa adhabu, usidhani nimesamehewa bure. Nitasugua makabati yote kumi na mawili kwa msasa, kwa mkono wangu, peke yangu, na nimekubali. Kwa muuza vipuri ameniagiza nikamwambie kwamba wajukuu zangu wamekataa. Makabati hayatapunguzwa kina.

Uliniuliza nilipata wapi anwani yako, nami nikanyamaza. Iko ukutani, karakanani, juu ya meza ya Baba, imeandikwa kwa penseli yake ya useremala. Sijui nani alimpa. Mwaka jana tulipaka chokaa karakana nzima. Nilikuwa nimeshika brashi nikafika hapo, akanichukua brashi akapaka mwenyewe pembeni pembeni, akaacha mraba mmoja wa ukuta wa zamani, mchafu, katikati ya weupe wote. Wateja humwuliza kwa nini. Huwaambia chokaa iliisha.

Ile karatasi nimeikunja humu ndani ya bahasha. Utaona michoro ya droo upande mmoja. Geuza. Baba ameandika pale chini maneno yake, nami sikuyaongezea hata nukta: "Dada, ni kavu. Iguse." Iguse kweli, Shangazi. Ililala chini ya mshono wako kwa ndoo tatu.

Nimempima Kobe upya, na mzigo pia, juu ya fito, kabati likiwa limesimama. Vipimo viko nyuma ya bahasha. Nimeongeza upana wa kiganja kila upande, maana nakumbuka ulisema pamba hunywea ikinyeshewa mara ya kwanza. Kona ya nyuma kushoto naomba uiache ifunguke, kama mlango. Safari hii nitaifunga.

Leo ni tarehe 14. Barua hii nitaitia posta kesho kabla ya kengele ya kwanza, na ikikimbia itakufikia kabla ya Jumamosi ile. Nijibu siku hiyohiyo, hata kwa mstari mmoja: fundi viatu umeshamwambia kwamba cherehani ina kazi?

Mimi mwanao,
Tepu